Namna ya kukagua sampuli za bidhaa kabla ya kuagiza mzigo

Sampuli nzuri haimhakikishii mnunuzi kwamba mzigo nao utakuwa mzuri. Viwanda vingi vina chumba maalumu cha kutengenezea sampuli, chenye mafundi hodari wanaokata kitambaa polepole, wanaoshona kwa makini na kuirudia kazi pale wanapokosea, ilhali mzigo wenyewe utapita mikononi mwa watu wengine, kwa kasi nyingine, na pengine kwa malighafi ya bei nafuu zaidi. Mnunuzi anayeishika sampuli, akaipenda na kutuma malipo ya awali siku hiyohiyo amejua jambo moja tu, kwamba kiwanda kile kina mtu anayeweza kutengeneza kipande kimoja kizuri. Faida kubwa ya sampuli huonekana pale inapokuwa kipimo kilichoandikwa na kutiwa saini, ambacho kila kipande cha mzigo kitalinganishwa nacho, na ukaguzi wote unapaswa kufanywa kwa lengo hilo.

Andika unachotaka kabla ya kuomba chochote

Kazi huanza kabla sampuli haijatumwa. Tuseme unataka kuagiza mabegi ya mgongoni ya wanafunzi. Karatasi yako ya vipimo itaje urefu, upana na kina cha begi, pamoja na tofauti utakayoikubali, kwa mfano sentimita 1 kuzidi au kupungua. Itaje aina ya kitambaa na uzito wake kwa mita ya mraba, idadi ya mishono katika kila sentimita, upana wa zipu, namba ya rangi katika katalogi ambayo wewe na muuzaji nyote mnayo, mahali lebo itakaposhonwa, na idadi ya mabegi katika kila katoni. Epuka maneno yasiyopimika. Ukiandika kwamba kamba za mabegani ziwe imara, muuzaji atakubali mara moja, kwa sababu kila kamba ni imara machoni pa aliyeishona. Lakini ukiandika kwamba begi litundikwe kwa kamba zake likiwa na uzito wa kilo 15 kwa saa 24 bila mshono hata mmoja kufunguka, hapo mmekubaliana juu ya jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulihakiki.

Katika karatasi hiyohiyo, gawanya kasoro katika makundi matatu. Kasoro hatari ni zile zinazoweza kumdhuru mtumiaji, kama vile sindano iliyovunjika na kubaki ndani ya mshono au waya wa umeme ulio wazi, na hizi hazivumiliki hata kwa kipande kimoja. Kasoro kubwa ni zile zitakazomfanya mteja airudishe bidhaa: zipu isiyofunga, mshono uliofumuka, rangi tofauti na iliyoagizwa. Kasoro ndogo ni kama uzi uliobaki bila kukatwa au alama hafifu ya chaki, vitu ambavyo mteja huvisamehe vikiwa vichache. Mgawanyo huu ufanywe kabla hujaiona sampuli, kwa kuwa mtu akishapendezwa na rangi na umbo, macho yake huanza kuisamehe mishono.

Sampuli ipi, na vipande vingapi

Zipo sampuli za namna mbalimbali, na wanunuzi wengi huumia kwa kuchukua moja mahali pa nyingine. Ya kwanza ni bidhaa ambayo muuzaji tayari anayo, aliyomtengenezea mteja mwingine. Hiyo hukuonyesha kiwango cha jumla cha kazi yake na haikuthibitishii zaidi ya hapo. Ya pili ni ile iliyotengenezwa kwa kufuata karatasi yako, ambayo huonyesha kama umeeleweka. Ya tatu, iliyo muhimu kuliko zote, ni ile ya kabla ya uzalishaji: imetengenezwa kwa kitambaa, zipu na rangi zilezile zitakazotumika katika mzigo, kwa mashine zilezile, na wafanyakazi walewale. Muulize muuzaji waziwazi ni ipi kati ya hizo anayokutumia, na jibu lake lije kwa maandishi.

Omba vipande visivyopungua vitatu. Kimoja kitahifadhiwa bila kuguswa, kingine kitatumiwa kama mteja atakavyokitumia, na cha tatu kitakatwa na kuharibiwa. Kama bajeti inaruhusu vipande vitano au kumi, afadhali zaidi, na hesabu inaeleza kwa nini. Ikiwa kiwanda huharibu kipande kimoja katika kila kumi, jambo ambalo lingemtia hasara mfanyabiashara yeyote, uwezekano wa kupokea vipande vitatu mfululizo visivyo na kasoro bado ni karibu asilimia 73. Hata pale kinapoharibu viwili katika kila kumi, utapata vitatu vizima kwa zaidi ya nusu ya nafasi. Kwa hiyo vipande vitatu safi haviwezi kukuambia chochote cha uhakika kuhusu kiasi cha kasoro kitakachokuwa katika mzigo. Vinachoweza kukuambia ni uwezo wa kiwanda, aina ya malighafi, na kama vipimo vinalingana kutoka kipande kimoja hadi kingine.

Lipia sampuli bila kunung'unika pale unapoombwa, ila andikianeni kama gharama hiyo itapunguzwa kwenye oda. Unapowalinganisha wauzaji kadhaa, wapelekee wote karatasi ileile siku ileile. Sampuli zikifika, ni vyema mtu mwingine aondoe majina na bei na kuzipa namba, ili wewe unayezipima usijue ipi imetoka kwa nani. Bei ina nguvu kubwa ya kushawishi vidole.

Siku ya kupokea

Piga picha za kifurushi kabla hakijafunguliwa, kisha andika tarehe, jina la muuzaji na namba ya sampuli kwenye lebo ya karatasi na kuifunga kwenye kila kipande. Fungua na unuse. Harufu kali ya gundi, ya mafuta au ya plastiki inayobaki baada ya kipande kuachwa mahali penye hewa kwa siku mbili inastahili kuandikwa, kwa sababu mteja atakapofungua katoni iliyokaa baharini kwa wiki kadhaa, harufu hiyo itakuwa imeongezeka.

Kisha pima, kila kipande, mahali palepale na kwa chombo kilekile. Tandaza begi juu ya meza bila kulivuta, weka tepu kuanzia mshono wa juu hadi mshono wa chini, andika namba, ondoa tepu na upime tena. Kama vipimo viwili vya kipande kimoja vinatofautiana kwa milimita tano, tatizo liko katika upimaji wako, na halina budi kurekebishwa kabla hujamlaumu muuzaji. Ukishamaliza, linganisha vipande vyenyewe kwa vyenyewe. Mabegi matatu yaliyopungua yote kwa sentimita moja na nusu yanaonyesha kosa katika kiolezo cha kukatia, ambalo hurekebishwa kwa dakika chache. Mabegi matatu yenye urefu wa sentimita 40, 42.5 na 43.5, mahali ulipoagiza 42, yanaonyesha kiwanda kisichoweza kudhibiti ukataji wake, na hilo ni gumu zaidi kutibu ingawa wastani wake unalingana kabisa na kile ulichokiandika.

Rangi isiamuliwe chini ya taa moja. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya dukani na kuachana kabisa mchana, kwa sababu zimetengenezwa kwa mchanganyiko tofauti wa dawa. Maabara hutumia kabati lenye taa za aina mbalimbali, mojawapo ikiiga mwanga wa mchana wa kelvini 6500. Asiye na kabati hilo aziweke sampuli na kipande cha rangi aliyoichagua ubavu kwa ubavu karibu na dirisha, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, kisha arudie chini ya taa ya nyumbani na ile ya dukani. Picha ya simu haifai hata kidogo kuamulia rangi, kwa kuwa kamera hurekebisha mwanga yenyewe.

Haribu kipande kimoja

Hapa ndipo wengi husita, kwani inauma kukata kitu kizuri kilicholipiwa. Nasisitiza kikatwe, kwa maana mambo yanayomgharimu mfanyabiashara hufichwa ndani: chini ya bitana, nyuma ya lebo, katikati ya pedi.

Anza na kitambaa. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, upime kwenye mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kisha zidisha kwa 100. Kipande chenye gramu 1.80 kinamaanisha kitambaa cha gramu 180 kwa mita ya mraba. Mizani ya jikoni inayoishia kwenye gramu nzima haiwezi kazi hii. Ikiwa huna nyingine, kata kipande kikubwa zaidi na ufanye hesabu kwa eneo lake. Kupunguza uzito wa kitambaa ni mojawapo ya njia rahisi kwa kiwanda kushusha gharama bila jicho kugundua, na ndiyo sababu namba hii inafaa kuwa ndani ya mkataba.

Kuhusu kuruka rangi, utaratibu wa maabara wa Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) unaojulikana kama ISO 105-X12 husugua kitambaa kwa pamba nyeupe mara 10 kwenda na kurudi, kwanza ikiwa kavu kisha ikiwa na maji, halafu madoa yaliyobaki kwenye pamba hulinganishwa na kipimo cha rangi ya kijivu chenye madaraja 1 hadi 5, ambapo 5 ni pamba isiyochafuka. Unaweza kuiga kazi hiyo kwa kuzungushia kidole kitambaa cheupe. Matokeo yako hayatakuwa ya kimaabara, lakini ukiona weusi au wekundu dhahiri kwenye kitambaa chenye maji, huhitaji maabara ikuambie kwamba begi hilo litaichafua shati ya mtoto siku ya kwanza ya mvua.

Kwa nguo, chora mistari miwili ya sentimita 50, mmoja kwa urefu wa kitambaa na mwingine kwa upana, ufue kama lebo inavyoelekeza, ukaushe na upime tena. Mstari uliobaki na sentimita 47.5 umerudi, yaani umepungua, kwa asilimia 5. Fua mara tatu, kwa maana baadhi ya vitambaa huendelea kurudi baada ya fuo la kwanza. Kama unashuku kwamba kilichoitwa pamba si pamba, choma nyuzi chache kwa uangalifu juu ya sahani ya chuma: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu, nayo sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Mchanganyiko wa nyuzi huleta dalili za kuchanganya, na hapo maabara ndiyo huamua.

Zipu ifunguliwe na kufungwa mara mia kadhaa, begi likiwa limejazwa, kwa kuwa zipu inayoteleza vizuri begi likiwa tupu hukwama kwenye kona pale kitambaa kinapovutwa. Mishono ya kamba ifumuliwe ili uone kama imerudiwa na kama uzi umeshika kitambaa kwa kina au umepita ukingoni tu.

Bidhaa zilizopakwa rangi zina jaribio lake, lililoelezwa katika ISO 2409. Unachora kwa wembe mistari 6 sambamba, iliyoachana milimita 1 au 2 kutegemea unene wa rangi, kisha mingine 6 inayoikata hiyo, hadi upate miraba 25. Unabandika juu yake utepe wenye gundi, unauvuta, na unatazama ni miraba mingapi imebanduka. Vyombo vya chuma kisichoshika kutu watu hupenda kuvijaribu kwa sumaku, na njia hiyo ina mpaka wake. Daraja la 304 la chuma hicho, lenye kromiamu ya takriban asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8, kwa kawaida halishiki sumaku, ingawa linaweza kushika kidogo mahali lilipokunjwa au kuvutwa. Daraja la 430 hushika. Lakini daraja la 201, ambalo ni rahisi kwa bei kwa kuwa sehemu ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi, nalo halishiki. Sumaku haiwezi kulitenganisha na 304, na anayeuziwa la 201 kwa jina la 304 atakuja kulitambua kwa kutu.

Vifaa vya umeme vinahitaji hesabu pamoja na macho. Chukua betri ya kubebeka ya kuchajia simu iliyoandikwa mAh 10,000, yaani miliampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi. Namba hiyo ni ya betri za ndani zenye volti 3.7, yaani jumla ya wati-saa 37. Inapotoa umeme kwa volti 5, hesabu inakuwa mAh 7,400, na baada ya umeme unaopotea kama joto, kupata 6,000 na kitu kwenye kifaa cha kupimia ni jambo la kawaida. Ukipata 3,000, lebo imedanganya. Mnunuzi asiyejua hesabu hii humlaumu muuzaji mkweli kwa kutofikisha 10,000, au humwamini mwongo aliyeandika 20,000 kwenye ganda jepesi.

Usiyoweza kuyapima mwenyewe

Madini ya risasi katika rangi, kemikali katika plastiki, usalama wa waya na betri, haya hayapimwi mezani. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 2008 ya usalama wa bidhaa ilikuja kuweka kikomo cha risasi katika bidhaa za watoto kuwa sehemu 100 kwa milioni, kiasi ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona. Tafuta kwanza sheria za soko utakakouza, kisha peleka sampuli katika maabara iliyoidhinishwa, na malipo ya maabara yatoke kwako ili ripoti iwe yako.

Muuzaji akikupa cheti, soma mambo manne: jina la kampuni iliyopewa, namba ya modeli, tarehe, na bidhaa iliyopimwa. Cheti halali cha modeli nyingine hakikusaidii. Halafu wasiliana na taasisi iliyokitoa kupitia anwani uliyoitafuta mwenyewe, usitumie ile iliyochapwa kwenye cheti. Jaribio moja la usalama wa watoto unaweza kulianza nyumbani: vitu vya kuchezea vya watoto wa chini ya miaka 3 hupimwa kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, na kipande chochote kinachoingia chote ndani yake bila kubanwa huhesabiwa kuwa hatari ya kumkaba mtoto. Ikiwa jicho la mwanasesere lililong'oka linaingia humo, huna haja ya kulipia maabara kabla hajarekebishwa.

Katoni nayo ni sampuli

Omba sampuli ije ndani ya kifungashio chake halisi, au utumiwe katoni moja kamili. Katika utaratibu wa 1A wa ISTA, shirika la kimataifa linaloweka vipimo vya vifungashio vya safari, katoni yenye uzito wa chini ya kilo 10 hudondoshwa mara 10 kutoka kimo cha sentimita 76: mara moja kwa kona, mara tatu kwa kingo zinazokutana kwenye kona hiyo, na mara sita kwa pande zake zote. Fungua baada ya hapo na uhesabu vilivyovunjika. Hili ni rahisi kulifanya, na mara nyingi ndilo linalofichua kwamba tatizo la bidhaa za kioo au za udongo liko kwenye kadibodi.

Mrejesho, saini na muhuri

Mpe mtu wa pili kipande cha kutumia, mtu asiyejua bei wala muuzaji, kwa wiki mbili au zaidi, na umwombe aandike kila kinachomkera. Kisha mtumie muuzaji orodha moja yenye picha, kipimo kilichoagizwa, kipimo kilichopatikana na marekebisho yanayotakiwa. Jinsi anavyojibu ni sehemu ya ukaguzi. Anayeuliza maswali na kueleza kwamba jambo fulani haliwezekani kwa bei hiyo ni mtu wa kufanya naye kazi. Anayekubali yote kwa neno moja, kisha akaleta sampuli ya pili yenye kosa lilelile, amekuonyesha jinsi mzigo utakavyokuwa. Kwa maoni yangu, sampuli ya tatu isiyorekebishwa inatosha kuachana naye, hata kama bei yake inavutia.

Sampuli ikikubalika, ifanye kuwa kielelezo. Vipande viwili au vitatu vinavyofanana vitiwe saini na tarehe na pande zote mbili, vifungwe ndani ya mfuko wenye lakiri ambayo haiwezi kufunguliwa bila kuacha alama. Kimoja kibaki kwako, kimoja kiwandani, na cha tatu, kikiwepo, kwa mkaguzi. Oda itaje kielelezo hicho kwa namba yake, pamoja na karatasi ya vipimo, na iseme kipi kitafuatwa iwapo viwili hivyo vinapingana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa kimataifa, katika kifungu cha 35, unamtaka muuzaji kukabidhi bidhaa zenye sifa za sampuli aliyomwonyesha mnunuzi, isipokuwa pande hizo zimekubaliana vinginevyo. Ulinzi huo haufiki mbali mikononi mwa mtu asiyeweza kuthibitisha sampuli ilikuwa ipi. Vifungu vya 38 na 39 vinamtaka mnunuzi naye akague bidhaa ndani ya muda mfupi iwezekanavyo na kutoa taarifa ya kasoro ndani ya muda unaofaa, la sivyo anapoteza haki ya kudai.

Kilichobaki ni kuandika jinsi mzigo utakavyolinganishwa na kielelezo. Utaratibu unaotumika sana ni ISO 2859-1. Kwa mzigo wa vipande 501 hadi 1,200, katika ngazi ya ukaguzi ya kawaida, mkaguzi huchota vipande 80 bila kuchagua. Ikiwa kiwango cha kasoro kubwa mlichokubaliana kuvumilia ni asilimia 2.5, mzigo hupita vikiwa na kasoro vipande visivyozidi 5 na hukataliwa vikifika 6. Kwa mzigo wa 1,201 hadi 3,200 huchotwa 125, na mipaka ni 7 na 8. Ukaguzi huo ufanyike bidhaa zikiwa bado kiwandani, na salio la malipo litolewe baada ya ripoti kusomwa.

Unapoagiza tena, usidhani kielelezo cha kwanza kinatosha milele. Rangi hupauka, mpira hukauka, na kiwanda hubadilisha wauzaji wake wa malighafi. Hifadhi kielelezo mahali pakavu pasipo na mwanga, omba sampuli mpya ya kabla ya uzalishaji kwa kila oda, na uipime uzito wa kitambaa kabla ya kitu kingine chochote.